Baridi ya bibi kizee imefika: mkaa ubaki nje

Kwa hesabu ya wazee wa Ghuba, siku hizi za mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi zina jina lao: Bard al-Ajuz, baridi ya bibi kizee. Ni wiki moja tu, lakini ina hila. Inakuja pale watu washaanza kukunja mablanketi na kurudisha majaketi kabatini. Kila mtu anajua baridi ishaaga, kumbe ilikuwa inavuta pumzi.

Hapa Seeb ninapokaa, mambo yalianza na siku mbili za upepo wa kaskazini uliojaza vumbi barazani. Halafu upepo ukanyamaza, mbingu ikawa nyeupe haina hata wingu, na hapo ndipo baridi khasa ilipoingia. Alfajiri ukitoka kwenda msikitini, magari yote yamelowa umande. Maji ya kutawadha yanakata vidole. Kwenye kundi la simu la familia hakuna habari nyingine: huyu anauliza wapi kunauzwa hita, yule kaleta picha ya barafu kutoka Jebel Shams, na mwengine kapiga picha seredani limekolea makaa mekundu katikati ya sebule, kaandika, "Karibuni tuote."

Picha hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Hadithi ya kondoo walionyolewa

Kwanza jina. Wazee wanasimulia kwamba alikuwako bibi kizee mwenye kondoo wake. Alipoona jua limepata nguvu, akadhani baridi imekwisha, akawanyoa manyoya mapema. Ikaja baridi ya siku saba, kondoo wakafa. Wapo wataalamu wa lugha wanaosema neno lenyewe halihusiani na kizee yeyote, bali linatokana na neno la Kiarabu la mwisho wa kitu, yaani mkia wa msimu wa baridi. Lolote litakalokuwa, maana yake ni ileile: usivue nguo mapema.

Kabla ya wiki hii zinapita baridi nyingine mbili wanazozihesabu watu wa bara Arabu. Kuna Marbaniya, siku 40 hivi kuanzia mapema Disemba, halafu Shabat, inayoingia katikati ya Januari na inajulikana kwa upepo wake mkavu. Bard al-Ajuz ndiyo kifunga mlango. Waarabu wa kale walizipa siku zake majina moja moja: Sinn, Sinnabr, Wabr, na kuendelea. Siku ya mwisho waliiita Mutfiu al-Jamr, mzima makaa. 

Nimelipenda jina hilo, kwa sababu makaa ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Inatoka wapi baridi hii?

Wenzetu walioko London na Toronto wanatucheka. Muscat mwezi wa Januari mchana unakuwa nyuzi 25 hivi, usiku 17 au 18. Kwao hiyo ni siku ya kwenda bustanini. Lakini sisi tuna usiku kadhaa kila mwaka ambapo mambo yanabadilika, khasa kwa wanaokaa ndani ya nchi au milimani.

Sababu ni hii. Majira ya baridi hewa nzito na baridi inajikusanya juu ya bara la Asia, na inapopata njia inateremka kusini kupitia Iran na Iraq. Hapa Ghuba tunaiita shamali. Upepo huu una asili moja na kaskazi yetu, ile iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka Sur na Matrah mpaka Unguja. Tofauti ni kwamba ukifika Unguja ushapita juu ya bahari ya joto, kwa hiyo kaskazi kule ni msimu wa jua kali na embe. Ndiyo maana watu wetu waliorudi Oman kutoka Zanzibar walichanganyikiwa. Kule walikuwa wanaona baridi mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, na kipupwe chenyewe mara chache kinashuka chini ya nyuzi 20. Shuka nyepesi inatosha. Huku walikuta mwezi wa saba ni tanuri, na mwezi wa kwanza ndio wa blanketi.

Upepo ukishatulia, inabaki kazi ya usiku. Ardhi ya jangwa haina majani wala unyevu wa kuhifadhi joto, na mbingu haina mawingu ya kulizuia lisitoroke. Jua likizama, mchanga unapoteza joto lake haraka. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inateremka na kutuama mabondeni na kwenye maeneo ya chini. Ndiyo maana hata tambarare inaweza kuganda. Januari 2021, Raknah, eneo la jangwa huko Al Ain, joto lilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri, na watu wakakuta maji yameganda.

Ile barafu nyembamba unayoiona juu ya majani na mapaa ya magari inaitwa jalidi, neno lilelile la Kiarabu. Watu wa Njombe na Makete kule Tanzania wanaiita sakitu, na wanaijua vizuri. Haihitaji hewa yote iwe sifuri. Kipimajoto kinawekwa karibu mita mbili juu ya ardhi, na usiku mtulivu ardhini kunakuwa na baridi zaidi kuliko pale juu. Kwa hiyo simu ikikwambia nyuzi 3, usishangae kukuta majani ya bustani yamepigwa.

Mlimani wanaisubiri

Sio kila mtu anailalamikia baridi. Kwenye vijiji vya Jebel Akhdar kama Al Aqr na Al Ayn, ambako mashamba yamepangwa ngazi ngazi juu ya bonde, baridi ni sehemu ya mtaji. Mkomamanga, mfyulisi, mwaprikoti ambao kwa Kiarabu unaitwa mishmish, na mjozi ni miti inayotaka kulala. Bila ya saa nyingi za baridi haichanui sawasawa. Baridi inayomsumbua mtu wa Muscat ndiyo inayomletea mkulima wa Saiq makomamanga. Kinachomtia hofu ni jalidi ya kuchelewa, ikija wakati maua yashafunguka.

Na Jebel Shams, mlima wenye kimo cha takriban mita 3,000, ndio umekuwa mahala pa kwenda. Ikitoka habari tu kwamba kuna barafu, vijana wanajaza magari, wanachukua hema, nyama ya kuchoma na gunia la mkaa. Mashallah, ni furaha, na mimi sina neno na mtu anayetaka kuwaonesha wanawe barafu. Lakini gunia lile la mkaa lina mahala pake, na mahala pake si ndani ya hema.

Nyumba zetu zilijengwa kwa adui mwengine

Wageni wakija kutoka Uingereza wanashangaa. Nje wanavaa fulana, wakiingia ndani wanatetemeka. Si uongo. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya saruji, sakafu ya marumaru au vigae, dari refu, madirisha ya alumini ya kioo kimoja. Zote zimejengwa kupigana na joto. Kiyoyozi kilichomo mara nyingi kinajua kupoza tu. Tangi la maji liko juu ya paa: wakati wa kiangazi linatupa maji ya kuchemka, na wiki kama hii linatupa maji ya barafu. Ukuta ukishapoa haupati joto tena kwa jua la saa chache za mchana.

Basi familia inafanya nini? Inafunga madirisha yote, inaweka kanga chini ya mlango isipenye hewa, na inaleta mkaa ndani. Ni rahisi, mkaa upo tayari kwa ajili ya udi, na kuota moto pamoja kuna raha yake. Kahawa inawekwa juu, hadithi zinaanza, watoto wanalala hapo hapo kwenye zulia.

Hapo ndipo penye hatari.

Mkaa unapowaka mahala pasipo na hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi wanadhani kinachodhuru ni moshi, kwa hiyo wanawasha mkaa nje, wanasubiri ukolee vizuri uwe mwekundu hauna moshi, ndipo wanauingiza ndani. Lakini mkaa uliokolea unaendelea kutoa gesi ile ile, na unakuhadaa zaidi kwa sababu huoni kitu. Ukitia na udi, chumba kinanukia vizuri, unadhani hewa ni safi.

Ndani ya mwili, gesi hiyo inashika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi inachotakiwa kubeba. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, viungo vinalegea. Akiwa macho, huenda akagundua. Akiwa amelala, hazinduki. Watoto wachanga na wajawazito ndio wanaodhurika upesi.

"Tulizaliwa hivyo hivyo"

Miaka kadhaa nyuma, katika wiki ya baridi kama hii, mpwa wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Bibi wa mumewe, bi mkubwa wa heshima zake, alikuja kumlea mzazi kama ilivyo ada yetu: kumkanda kwa maji ya moto, kumnywesha uji wa pilipili manga, na kumwekea seredani la makaa chini ya kitanda apate joto mwilini. Madirisha yalifungwa ili mtoto asipigwe na upepo.

Usiku wa tisa, kabla ya alfajiri, mpwa wangu aliamka kichwa kinampasuka, akatapika. Mtoto alikuwa hataki kunyonya, kalegea. Bi mkubwa mwenyewe, aliyekuwa kalala chini kwenye godoro, alishindwa kusimama. Katika nyumba mmoja akasema ni jicho, mwengine akasema ni homa ya uzazi. Mume wa mpwa wangu, Mungu amlipe kheri, hakungoja. Alimnyakua mtoto akatoka naye nje, akarudi kumchukua mkewe na bibi yake, akapiga simu.

Hospitali walitiwa oksijeni kwa saa nyingi. Daktari alikuwa kijana wa Kiomani anayezungumza Kiswahili kama sisi.

"Bibi, usiku mlikuwa na mkaa ndani?" alimuuliza.

"Mkaa wa mzazi tu, mwanangu. Na sisi tulizaliwa hivyo hivyo."

"Mlizaliwa wapi?"

"Unguja, Ng'ambo. Nyumba ya makuti."

"Basi ule mkaa ulikuwa na pa kutokea, bibi. Huu wa jana haukuwa na njia."

Alhamdulillah wote watatu walitoka salama, na yule mtoto leo anakwenda skuli. Bi mkubwa alikaa kimya siku mbili, halafu akaanza kumweleza kila mgeni aliyekuja kumtazama. Hakuona haya. Nadhani aliokoa watu wengi kwa mdomo wake kuliko makala yoyote.

Maneno ya yule daktari ndiyo ninayoyarudia mimi. Mkaa ni uleule wa Unguja, ila nyumba zimebadilika. Kule kulikuwa na ua, madirisha ya mbao yasiyobana, paa la makuti linalopumua. Tumehama na desturi bila ya kuhama na nyumba. Mzazi bado anahitaji joto, lakini leo kuna chupa ya maji ya moto, kuna blanketi la umeme, kuna hita. Kumkanda na uji viendelee. Seredani libaki nje.

Chumba cha uani

Sasa nataka kusema jambo ambalo halisemwi sana majumbani mwetu.

Kila msimu wa baridi, katika nchi zote za Ghuba, tunasikia habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na mkaa umebaki majivu. Wengi katika hao huwa ni wafanyakazi: wasichana wa ndani, walinzi, wafanyakazi wa mashambani. Nyumba kubwa ina hita sebuleni na vyumbani. Chumba cha uani au cha juu ya paa mara nyingi hakina kitu, na dirisha lake ni dogo. Msichana akishikwa na baridi, atachukua makaa yaliyobaki jikoni. Nani kamwambia asifanye?

Siku hizi wengi katika wasichana hao wanatoka Tanzania, Kenya na Uganda. Kwao amekua na jiko la mkaa, analijua tokea mtoto. Matangazo ya kujihadhari yanayotoka kwenye simu na televisheni mengi yake ni ya Kiarabu na Kiingereza. Yeye hayamfikii. Lakini wewe, bibi wa nyumba, unazungumza Kiswahili. Mama yako anazungumza Kiswahili. Katika mtaa mzima huenda ni nyumba yako tu inayoweza kumweleza msichana huyu, kwa lugha yake, kwamba makaa yasiyo na moshi yanaua. Hii ni amana.

Na kumwambia peke yake hakutoshi. Ukimkataza mkaa bila ya kumpa kitu kingine, umemwambia alale na baridi. Mpe blanketi zito, soksi, na hita ndogo ya umeme. Ingia chumbani mwake ukaone mwenyewe dirisha likoje. Wengi wanaona aibu kuomba, usingoje aombe.

Limewakuta na wengine

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wasiosoma. Februari 2021 baridi kali ilipiga Texas, Marekani, jimbo ambalo nyumba zake pia zimezoea joto, na ambako wako Waswahili wengi, khasa Houston. Umeme ulikatika kwa zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5. Watu wakawasha majiko ya mkaa ndani, wengine wakakaa ndani ya magari yanayounguruma gerejini ili wapate joto. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wamo pia waliouawa na gesi hii.

Sehemu zenye baridi ya kila mwaka zinajua kuishi nayo. Sisi inatujia kama mgeni wa wiki moja, kwa hiyo kila mwaka tunabahatisha upya.

La kufanya wiki hii

Mkaa na kuni viwashwe nje, na vimalizikie nje. Usiviingize chumbani, hemani wala kwenye gari hata kama vimekolea na hata kama umeacha dirisha wazi kidogo. Ufa wa dirisha hautoshi. Ukitaka kufukiza udi, fungua milango, fukiza kwa muda mfupi, kisha utoe chetezo nje kabla ya kulala.

Hita ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba zinapata moto na kuunguza nyumba. Iwe mbali na pazia na kitanda kwa mita moja, na usianike nguo juu yake. Watoto wakishalala na chumba kimeshapata joto, izime. Blanketi litafanya kazi iliyobaki.

King'ora cha kaboni monoksaidi ni kidude kidogo kama cha moshi, kinauzwa madukani na mitandaoni. Wenye mzazi au mtoto mchanga nyumbani wakinunue.

Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja, na kuna kitu kinachowaka ndani, usikae kutafuta jicho la nani. Toeni watu nje kwanza, kila mtu, hata anayesema hana kitu. Halafu piga simu. Oman ni 9999, gari la wagonjwa Emirati ni 998, Kuwait ni 112. Mwambie anayepokea kwamba kulikuwa na mkaa, ili wajue wanakuja na nini. Na anayezinduka akasema yuko sawa bado apelekwe hospitali, kwa sababu gesi inachukua saa kadhaa kutoka kwenye damu.

Nimeujibu ule ujumbe wa "Karibuni tuote" kwenye kundi la familia. Nimemwandikia binamu yangu alitoe seredani barazani, na sisi tutakuja kuota huko huko na majaketi yetu. Amekubali. Kisha nikamuuliza habari ya msichana wao, analala wapi na ana nini cha kujifunika. Hilo bado hajanijibu, na leo usiku nitamuuliza tena.